Joto Ni Abiria

Mwaka wa 1902 baridi ilitafutwa kwa njia mbili, na njia hizo mbili bado ziko nasi kila tunaponunua letasi.

Njia ya kwanza ilianzia Brooklyn, New York. Kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji, Sackett-Wilhelms, kilichosumbuliwa na kiangazi. Hewa ilijaa unyevu, karatasi zikavimba, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa kivyake, rangi ya pili ilikosa kuangukia pale ilipopaswa juu ya ya kwanza. Picha zilitoka kama zimepigwa na mtu aliyetingisha simu. Kampuni ya Buffalo Forge ikamkabidhi kazi hiyo injinia wake wa miaka 25, Willis Carrier. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902. Ukiitazama huoni maajabu: mabomba yaliyokunjwakunjwa, maji baridi yakipita ndani, feni ikisukuma hewa juu yake. Hewa inayogusa bomba la baridi hutoa jasho, kama vile chupa ya soda inavyotoa jasho mezani. Lile jasho ni unyevu uliotoka hewani. Carrier alikuwa ameambiwa aushikilie unyevu kwenye asilimia 55, na maji yale baridi ndiyo yaliyomwezesha.

Njia ya pili ilikuwa kwetu. Mwaka huohuo, utawala wa Waingereza, ambao makao yake yalikuwa bado Mombasa, ulitoa sheria ya ardhi za Mfalme. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, imegharimu pesa nyingi, na kamishna wa wakati huo, Sir Charles Eliot, alitaka wakulima wa Kizungu wake walime ili reli ijilipe. Lakini Mzungu wa wakati huo hakutaka kulima Pwani. Alitaka mahali ambapo jioni unavaa sweta. Sheria ya 1902 iliruhusu serikali kukodisha ardhi kwa miaka 99. Mwaka wa 1915 ikaja nyingine, miaka 999.

Kwa hivyo Brooklyn baridi ilipatikana kwa bomba, na Kenya ilipatikana kwa karatasi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwa sababu nadhani linaeleza kitu ambacho wengi wetu tunaotaka kulima ndani ya vyumba mjini hatuelezwi na wanaotuuzia mitambo.

Tuanze na fizikia kidogo. Usiogope, ni fizikia ya steji.

Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Hata moja. Kiyoyozi, friji, ile friza ya muuza samaki, zote zinafanya kazi moja tu: zinabeba joto kutoka hapa na kulishusha pale. Joto ni abiria. Weka mkono nyuma ya friji lenu usikie: lile joto linalokupiga ni la sufuria ya maharagwe uliyoiweka ndani jana usiku, pamoja na la stima iliyotumika kulibeba.

Sasa chukua chumba cha kulimia: taa, majani, watu wawili wanaoingia na kutoka. Joto limejaa humo kama abiria saa kumi na moja jioni. Kuna mashine ambayo mafundi huiita chila, na kazi yake ni kupoza maji. Maji yale baridi husukumwa na pampu hadi chumbani, yakapita kwenye mabomba yenye mapezi membamba, na feni ikapuliza hewa ya chumba juu yake. Pale joto linapanda gari la kwanza. Maji yanarudi kwenye chila yakiwa yamepata joto kidogo, na huko yanapitana na gesi ya kupozea bila kuchanganyika nayo, ukuta mwembamba wa chuma katikati. Joto linashuka kwenye maji na kupanda gesi. Kompresa inaibana ile gesi mpaka inakuwa moto kuliko hewa ya nje, na nje joto linashuka safari yake ya mwisho. Zile sehemu ambapo joto linabadilisha gari ndizo vibadilisha-joto. Ni steji tu. Magari hayachanganyiki, ni abiria anayehama.

Kwa nini ubebe joto kwa maji na si kwa hewa? Kwa sababu ya ukubwa wa gari. Lita moja ya maji hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko lita moja ya hewa, zote zikipanda nyuzi zilezile. Hewa ni bodaboda, maji ni treni. Bomba la unene wa kidole gumba linaweza kufanya kazi ambayo kwa hewa ingehitaji mfereji wa bati mnene kama pipa.

Na kabla hatujaondoka hapo, kuna namba ambayo lazima umeiona kwenye boksi la kiyoyozi: 12,000 BTU. Mafundi huiita tani moja. Tani ya nini? Ya barafu. Kabla ya mashine, baridi ilikuwa bidhaa ya kukatwa kwa msumeno. Frederic Tudor wa Boston alikata barafu za maziwa ya Marekani na kuzisafirisha kwa meli. Mwaka wa 1833 meli yake iitwayo Tuscany iliondoka na tani 180 hivi na kufika Calcutta tani kama 100 zikiwa bado hazijayeyuka. Mashine zilipokuja, wateja waliuliza swali la kawaida: hii yako ni sawa na barafu kiasi gani? Jibu ndilo lile la kwenye boksi. Kiyoyozi cha 12,000 BTU kinaondoa joto lilelile ambalo tani moja ya Kimarekani ya barafu, kama kilo 907, ingelimeza ikiyeyuka kwa saa 24. Hata neno letu barafu limekuja kwa bahari: asili yake ni Kiajemi, barf, likapitia India. Watu wa Pwani walipata jina la kitu hicho kutoka kwa watu wa ng'ambo, kama walivyopata kitu chenyewe.

Haya, turudi kwenye ile karatasi ya 1902.

Hewa hupoa kadiri unavyopanda, nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 na ushee. Naivasha imepanda zaidi, karibu 1,900. Limuru inapita 2,000. Kwa lugha ya mafundi, nyanda hizo ni chila kubwa isiyolipiwa stima. Na kama mashine yoyote yenye faida, watu wakagombania nani ataimiliki. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika eneo la Bonde la Ufa lenye Naivasha na Nakuru, kwa mkataba uliowaahidi kwamba Laikipia itabaki yao. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili uliowaondoa Laikipia vilevile. Kufikia 1939 mipaka ya kile walichokiita Nyanda za Wazungu ilikuwa imechorwa rasmi kisheria.

Sisemi kila shamba lilichaguliwa kwa kipimajoto peke yake. Kulikuwa na udongo, mvua, reli. Lakini soma walichokipanda: kahawa, chai, ngano, maziwa ya ng'ombe wa Ulaya, baadaye maua. Ni mazao ya baridi. Na mpangilio huo haujaondoka. Lori la mboga bado linashuka usiku kutoka nyanda za juu hadi Mombasa, karibu kilomita 500, na asubuhi kule Kongowea mama anapanga kabeji na letasi zilizokunywa baridi ya watu wengine. Letasi ya Mombasa, ukiipanda uani, inafanya ukaidi. Joto likizidi, inaacha kufunga majani, inarefuka, inachanua, na majani yanakuwa machungu. Si ujinga wa mkulima. Ni mmea unaokimbilia kuzaa kabla haujafa.

Nani basi alikuwa wa kwanza kuchukua wazo la Carrier na kuliweka mbele ya mmea kwa dhati? Kuna wengi waliojaribu, lakini jina linalobeba historia hii ni Frits Went. Alikuwa Mholanzi, mtaalamu wa mimea, na kabla hajahamia Marekani alifanya kazi Java, kisiwa cha joto kilichokuwa koloni la Uholanzi. Mwaka wa 1933 akaenda chuo cha Caltech, Pasadena, California. Tatizo lake lilikuwa la kisayansi: ukipanda nyanya nje, hujui ni nini kimeifanya izae. Ni jua? Ni usiku? Ni mvua ya juzi? Kila kitu kinabadilika pamoja. Akataka vyumba ambavyo anaweza kubadilisha kitu kimoja na kushikilia vingine vyote.

Mwaka wa 1949 jengo lake kubwa lilifunguliwa, Maabara ya Earhart. Wenzake wakalibatiza jina la utani: fitotroni. Ilikuwa enzi ya wanafizikia na mashine zao za kuvunja atomu, saiklotroni, kwa hiyo wataalamu wa mimea nao wakajipa troni yao. Utani ukawa jina rasmi, na baadaye Ufaransa, Australia na nchi nyingine zikajenga za kwao. Ndani yake kulikuwa na vyumba vingi, kila kimoja na halijoto yake, na mimea iliwekwa kwenye vigari vya magurudumu. Asubuhi unausukuma mmea hadi chumba cha mchana wenye joto, jioni unausukuma hadi chumba cha usiku wa baridi. Hewa ya nje ilichujwa, maana Pasadena ya wakati huo ilikuwa na moshi wa magari uliounguza majani. Jambo Went alilolionyesha kwa nyanya, tangu miaka ya 1940, ni kwamba usiku ndio unaoamua mengi: nyanya iliyopewa usiku wa joto hufanya maua halafu inashindwa kushika matunda.

Jambo hilo linagusa watu wa Mombasa kuliko watu wa Pasadena. Kumbe shida yetu Pwani si jua la mchana tu. Ni ule usiku usiopoa.

Fitotroni ilikuwa kitu cha serikali, cha vyuo na wafadhili matajiri. Lakini wazo lilishuka mtaani, na lilishukia mahali ambapo hakuna aliyelialika. Miaka ya 1980 na 1990, Wamarekani wengi waliojifunza kulima chumbani kwa taa kali walikuwa wakulima wa bangi, na wao ndio waliolipa karo ya somo hili. Taa ya wati 1,000 ni jiko la wati 1,000. Mwanga ukishafanya kazi yake, karibu wote unaishia kuwa joto humohumo chumbani. Taa tatu na nusu za namna hiyo zinameza ile tani nzima ya barafu. Ongeza kwamba mmea unakunywa maji na kuyapumua hewani, na unyevu huo lazima utolewe pia, au ukungu utakula majani.

Mwezi wa Januari 1992, katika mji wa Florence, jimbo la Oregon, maafisa waliegesha gari usiku karibu na nyumba ya mtu aitwaye Danny Kyllo, wakaielekezea kamera inayoona joto. Paa la juu ya gereji na ukuta mmoja vilikuwa vya moto kuliko nyumba nyingine yote, na kuliko za majirani. Walipoingia wakakuta mimea zaidi ya mia moja. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi wa Juni 2001 majaji waligawanyika watano kwa wanne: kutazama joto la nyumba ya mtu kwa chombo kama hicho ni upekuzi, na unahitaji kibali cha mahakama. Wanasheria wanaipenda kesi hiyo kwa sababu ya faragha. Mimi naipenda kwa sababu ya abiria wetu. Unaweza kufunga mlango, kuziba madirisha, kunyamaza. Joto lazima litoke, na likitoka linasema.

Swali hili liliulizwa kwa akili ya tropiki huko Singapore. Hawana milima, hawana nyanda za juu, wako karibu kabisa na ikweta, na ardhi yenyewe ni kiduchu. Miaka ya 1990, watafiti wa huko, miongoni mwao Lee Sing Kong na He Jie, walijaribu jambo ambalo lingemchekesha bibi yeyote wa Pwani kwa urahisi wake: acha kupoza chumba. Poza miguu. Waliotesha letasi mizizi ikining'inia gizani na kunyunyiziwa maji yenye mbolea yaliyopozwa hadi nyuzi 20 hivi, huku majani yakiwa juu kwenye hewa ya kawaida ya Singapore, mchana ukifika nyuzi 35 na zaidi. Letasi ikafunga majani.

Sababu moja iko ndani ya maji yenyewe. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, saba na nusu. Mizizi inapumua pia, na kwenye maji ya uvuguvugu inakosa hewa wakati ileile vimelea vya kuozesha mizizi vinaposherehekea. Halafu fikiria hesabu: kupoza pipa la lita 200 kutoka nyuzi 30 hadi 20 ni kuondoa joto la uniti 2.3 hivi, na mashine nzuri itafanya hivyo kwa stima ya chini ya uniti moja. Kiyoyozi cha tani moja kinakula uniti hiyo kwa muda wa saa moja hivi kompresa ikiwa inazunguka, na kesho asubuhi bado kitakuwa kinazunguka.

Mwaka wa 2012 Singapore hiyohiyo ilifungua bustani mbili za kioo, Gardens by the Bay, ambako mimea ya nchi za baridi kidogo inaishi kwenye nyuzi 23 hadi 25. Hata huko hawapozi jengo zima. Maji baridi yanapita kwenye mabomba chini ya sakafu, baridi inakaa chini waliko watu na mimea, hewa ya moto inaachwa ipande juu na kutolewa. Sehemu ya nishati yake inatokana na kuchoma matawi yaliyopogolewa kwenye miti ya jiji. Ni kazi ya pesa nyingi, lakini kanuni yake ni ya maskini: usilipie baridi pale ambapo hakuna anayeihitaji.

Na hapa mtu wa Pwani atauliza, je, mtungi? Mtungi si ni chila? Naam, na ni mzee kuliko zote. Maji yanapenya udongo, yanakauka juu ya ukuta wake, na kila lita inayokauka inaondoka na joto la kutosha kupoza karibu lita 57 kwa nyuzi 10. Mwingereza Charlie Paton alichukua kanuni hiyo akaijengea vitalu vya kilimo: upepo unapita kwenye kuta zilizoloweshwa maji ya bahari, unapoa na kupata unyevu, ndipo unaifikia mimea. Kitalu kimoja kilijengwa Oman mwaka wa 2004, na baadaye kingine karibu na Berbera, Somaliland. Lakini angalia kule kulivyo: hewa kavu. Mtungi wa Lodwar unapoza maji vizuri kuliko mtungi wa Mombasa, kwa sababu hewa ya Mombasa imeshajaa maji yake yenyewe. Abiria hawezi kupanda gari lililojaa.

Naivasha nako kuna kichekesho. Huko vibadilisha-joto vipo, na vya maana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia joto la visima vya mvuke vya Olkaria kupashia maji safi yanayozunguka kwenye vitalu vya waridi, kwa sababu usiku wa Naivasha ni wa baridi na umande unaleta ukungu. Yaani chombo kilekile, pale juu kinaleta joto, huku chini tungekitumia kuondoa joto. Nchi moja, mwendo wa siku moja kwa lori.

Nayasema haya kwa sababu binamu yangu analima Kisauni, na nimeona historia hii yote ikipita kwenye ua mmoja.

Alianza kama wanavyoanza wengi. Chumba kimoja cha kupanga, taa za rangi ya zambarau, karatasi za kung'aa ukutani, kiyoyozi cha 12,000 BTU cha mitumba. Letasi zilitoka, nisidanganye, nzuri kabisa, na hoteli mbili zilikuwa zinazichukua. Tokeni za stima ndizo zilizokuwa zinaisha kabla ya wiki. Lakini kilichomsimamisha hakikuwa tokeni. Kile kichwa cha nje cha kiyoyozi kilikuwa kimefungwa kwenye kichochoro, kikipulizia dirisha la nyumba ya pili, ambako mama mmoja alilala na wanawe watatu. Mchana na usiku. Siku moja nikiwa pale alikuja mlangoni.

“Shikamoo, mama,” binamu akamwambia.

“Marahaba. Mwanangu, wewe walaza majani yako kwenye baridi, mimi na wanangu twalala jikoni. Ni haki hiyo?”

Hakupaza sauti. Binamu hakuwa na jibu, na mimi niliyekuwa nimesoma habari za Carrier na Went sikuwa nalo pia. Maana alichosema ndicho kitabu kizima. Vyumba vyote vya baridi vina mtu anayekaa upande wa pili wa ukuta. Kwenye fitotroni ulikuwa ni anga la California. Kwenye nyanda za juu hawakuhamisha joto, walihamisha watu, wakawapeleka kwenye joto. Kichochoroni Kisauni alikuwa ni yeye na wanawe.

Binamu alizima kile kiyoyozi wiki hiyohiyo. Alihamia juu ya paa, kwenye simiti ya bure, akaweka neti ya kivuli, na letasi zikaenda kwenye mabomba ya plastiki, jua la Mungu badala ya taa. Chini ya ngazi kuna pipa la lita 200 lililofungwa blanketi kuukuu na sponji ya godoro, na mashine ndogo ya kupoza maji aliyoinunua kwa mtu aliyeacha kufuga samaki wa mapambo. Mabomba ameyafunika magunia meupe kwa sababu jua likiyachoma yanarudisha kila kitu alicholipia. Maji yanakaa nyuzi 21 au 22. Stima ikipotea kwa saa mbili tatu, lile pipa linabaki na baridi yake, jambo ambalo chumba hakikuweza hata dakika 20. Januari na Februari bado zinampiga, na letasi za miezi hiyo ni ndogo. Hajawa tajiri. Analipa kodi.

Yule mama alipanda juu siku moja kuangalia. Akaiweka mikono mbele ya ile mashine ndogo, pale inapopulizia.

“Bado latoka,” akasema.

“Latoka, mama. Lakini ni kidogo, na laenda juu, halina dirisha la mtu.”

Akatazama huku na huku juu ya mapaa, viyoyozi vya nyumba za jirani vikiwa vimepangwa kwenye kuta kama masikio. Mombasa inanunua viyoyozi kwa kasi, na kila kimoja kinaisukumia mitaa sehemu yake. Hakusema kama ameridhika. Alisema neti imefungwa vibaya upande wa bahari, kusi ikija itaing'oa, na akamwonyesha binamu namna ya kuifunga.

Najua wapo wengi sasa wanaopita na picha za makontena ya kulimia, taa ndani, ahadi ya letasi mwaka mzima popote ulipo, ulete tu amana. Baadhi yake inafanya kazi. Ukikaa na muuzaji, mwache amalize habari za mavuno, kisha umuulize kibadilisha-joto cha nje kitafungwa upande gani, na nani analala upande huo. Mwaka wa 1902 swali hilo hakuna aliyewauliza wahusika. Kisauni liliulizwa kwa sababu mhusika alikuja mwenyewe mlangoni, na ilikuwa tayari ni mwezi wa nne anapulizwa.